Kurudisha majivu mgodini: mwongozo kamili wa kufukia majivu ya mtambo wa umeme katika mashimo ya makaa ya mawe

Pampu zikizimwa, maji hurudi. Anza na jambo hilo, maana karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana nalo.

Mgodi wa wazi unapochimbwa, pampu hunyonya maji usiku na mchana. Ukishuka sakafuni unakuta pakavu, unatembea na viatu havilowi. Ni rahisi kusimama pale ukasema hapa ndipo pa kumwaga majivu: shimo lipo, na malori yanayopeleka makaa mtamboni yatarudi na mzigo badala ya kurudi matupu. Hoja hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba siku mgodi unapofungwa pampu huondolewa, na maji ya ardhini huanza kupanda polepole, mwaka baada ya mwaka, kurudi yalikokuwa au kutafuta usawa mpya. Yakiyakuta majivu njiani, huyaloweka kama majani ya chai kwenye birika, na kinachochujwa humo huelekea kwenye visima na vijito vya watu.

Mifano yangu mingi ni ya Marekani, kwa sababu huko kazi hii imefanywa kwa miongo kadhaa, kwenye nchi ya mvua na kwenye nchi kame. Katika Pennsylvania, mitambo kama ya Ebensburg na Colver ilijengwa ichome mabaki ya makaa yaliyorundikwa na wachimbaji wa zamani, yakichanganywa na mawe ya chokaa ndani ya boila, na majivu yakarudishwa kwenye ardhi ileile iliyotobolewa. Katika New Mexico, karibu na Farmington, majivu ya mitambo ya San Juan na Four Corners yalifukiwa kwenye migodi ya jirani, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 kuhusu migodi ya wazi humlazimisha mchimbaji kurudisha ardhi karibu na umbo lake la awali na kuweka dhamana ya fedha. Kanuni za majivu ambazo EPA, shirika la kulinda mazingira la nchi hiyo, lilizitoa mwaka 2015 ziliweka masharti makali kwa madampo na mabwawa ya majivu, ila majivu yanayowekwa kwenye migodi ya makaa yakaachwa nje. Mimi naliona hilo kuwa pengo kubwa. Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia msimamo mmoja: chukua masharti ya dampo uyatumie mgodini, hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha.

Nisieleweke vibaya, kufukia mgodini kunaweza kuwa kazi njema. Bwawa la majivu yaliyochanganywa na maji ni hatari ya namna yake. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, ukingo wa bwawa la mtambo wa Kingston, Tennessee, ulivunjika na majivu kiasi cha mita za ujazo milioni 4.1 yakamwagika kwenye Mto Emory na kwenye makazi ya watu. Tarehe 2 Februari 2014 bomba la maji ya mvua lililopita chini ya bwawa huko Eden, North Carolina, lilivunjika, na maelfu ya tani za majivu yakaingia Mto Dan. Majivu makavu yaliyoshindiliwa ndani ya shimo hayamwagiki hivyo. Hatari yake ni ya polepole na haionekani kwa macho, ndiyo maana inahitaji utaratibu.

Hatua ya 1: Hesabu mzigo, kisha upunguze

Mtambo wa megawati 1,000 huchoma takriban tani milioni 3 za makaa kwa mwaka. Makaa yenye majivu asilimia 10 yatakuachia tani 300,000. Ya India, ambayo mara nyingi hufika asilimia 30 hadi 40, yatakuachia zaidi ya tani 900,000. Yakishindiliwa vizuri, tani moja na robo hivi hukaa kwenye mita moja ya ujazo. Ukishapata ujazo huo, kumbuka kwamba kifusi cha mgodi nacho kimevimba. Mwamba ukishavunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima, mara nyingi kwa asilimia 20 au zaidi, hivyo shimo lina nafasi ndogo kuliko unavyoliona.

Kabla ya kufukia, tafuta wanunuzi. Majivu laini yanayokamatwa kwenye dohani huchukua nafasi ya sehemu ya saruji kwenye zege. Bwawa la Hungry Horse huko Montana, lililomalizwa mwaka 1953, lilijengwa hivyo. Jasi inayotokana na kusafisha salfa kwenye moshi hutengeneza mbao za dari na kuta. Ripoti ya mwaka 2006 ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, iliyokubali kufukia mgodini kwa masharti, ilitaka matumizi kama haya yatangulie. Kila tani inayouzwa ni tani ambayo hutailinda kwa miaka 30.

Hatua ya 2: Yajue majivu yako

Neno "majivu" linaficha vitu vinne tofauti. Kuna majivu laini ya dohani, kuna ya chini ya tanuri ambayo yana chembe kama mchanga, kuna vigae vyeusi vya kioo kutoka kwenye tanuri za joto kali, na kuna mabaki ya kusafisha salfa. Usiyachanganye kwenye sampuli, na usikubali sampuli moja iliyochotwa asubuhi moja. Makaa hubadilika kutoka tabaka hadi tabaka. Chota kwa wiki kadhaa, na upime upya kila mtambo unapobadilisha makaa au kifaa cha kusafisha moshi.

Maabarani omba mambo mawili. La kwanza ni jumla ya kila elementi iliyomo: aseniki, seleniamu, boroni, molibdenamu, kadimiamu, risasi, zebaki, kromiamu. La pili ni muhimu zaidi: kiasi gani kinatoka maji yanapopita. Hapa ndipo wengi hukosea. Kipimo kinachotumika sana, TCLP, kilibuniwa kuiga dampo la taka za mjini na hutumia asidi ya siki. Shimo la mgodi halina siki. Tumia vipimo vinavyojaribu majivu katika viwango mbalimbali vya pH, kutoka asidi hadi alkali, halafu soma matokeo kwenye pH utakayokuwa nayo shimoni.

Sababu ya kusisitiza pH ni hii. Risasi, kadimiamu na zinki huyeyuka maji yakiwa na asidi. Aseniki, seleniamu na molibdenamu zinaweza kusafiri vizuri kwenye maji yenye alkali. Hakuna pH moja inayofunga milango yote. Anayekuambia kwamba majivu yake ni salama kwa kuwa yana alkali amekuambia nusu ya habari.

Hatua ya 3: Lijue shimo, na ufanye hesabu ya asidi

Kifusi cha migodi mingi ya makaa kina pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa, na ndiyo inayopaka vijito vya Pennsylvania rangi ya kutu. Majivu yenye chokaa huweza kuituliza asidi hiyo, na hii ndiyo faida halisi ya kuyarudisha mgodini. Lakini faida hiyo hupigiwa hesabu, haikisiwi.

Hesabu yenyewe ni rahisi: kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti katika tani 1,000 za kifusi hudai tani 31.25 za mawe ya chokaa (kalsiamu kaboneti) ili kuituliza. Kifusi cha tani milioni 1 chenye asilimia 1 kinadai tani 31,250. Sasa pima majivu yako yana nguvu ya tani ngapi za mawe ya chokaa. Yakizidi deni kwa mbali, endelea. Yakikaribiana, au yakipungukiwa, simama hapo hapo. Mchanganyiko utatulia miaka michache, alkali itakwisha, asidi itashinda, na metali zilizokuwa zimeshikwa zitaachiliwa baada ya mtu wa mwisho wa kampuni kuondoka.

Chora pia ramani ya visima vyote vya watu, chemchemi, vijito na mahandaki ya zamani. Handaki la zamani lililosahaulika ni bomba la kupeleka uchafu mbali. Waulize wazee waliofanya kazi mgodini. Wao hukumbuka mahandaki ambayo hayamo kwenye ramani.

Zungumza na majirani sasa, kabla ya kibali. Watu wa pwani ya Kenya wanalijua hili. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Taifa ilifuta leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa uliopangwa Lamu, na upungufu wa kuwashirikisha wananchi ulikuwa kiini cha uamuzi huo.

Hatua ya 4: Tafuta maji yatakapofika, sio yalipo leo

Hii ndiyo hatua nitakayokaa nayo kwa muda, kwa sababu makosa yake hayasahihishiki baadaye.

Chimba visima vya uangalizi kuzunguka shimo, juu na chini ya mwelekeo wa maji, na upime usawa wa maji kwa miezi 12 isiyopungua, ili upate masika na kiangazi. Tafuta kumbukumbu za kabla ya uchimbaji: vina vya visima vya zamani, chemchemi zilizokauka mgodi ulipoanza, ripoti za uchimbaji wa kwanza. Hizo ndizo zitakazokuonyesha maji yalikaa wapi kabla ya pampu.

Halafu mwite mtaalamu wa maji ya ardhini akadirie yatapanda hadi wapi. Mpe maswali matatu. Kifusi kitapitisha maji kwa kasi gani ukilinganisha na mwamba uliokuwepo? Je, shimo litakuwa beseni linalokusanya mvua, likiwa limezungukwa na mwamba usiopitisha? Na migodi ya jirani ikifunga pampu zake, usawa utapanda zaidi kiasi gani? Swali la tatu mara nyingi huachwa. Mgodi wako unaweza kubaki mkavu kwa sababu tu jirani yako bado anapampu.

Chukua kadirio la juu kabisa, la mwaka wa mvua nyingi na pampu zote zimezimwa. Chora mstari huo kwenye mchoro wa shimo kwa rangi nyekundu. Kanuni za dampo za mwaka 2015 zinataka sehemu ya chini ya majivu iwe angalau mita 1.52 juu ya maji ya juu kabisa ya ardhini. Pennsylvania hutaka nafasi kubwa zaidi mgodini, kama mita 2.4 juu ya usawa wa maji wa eneo. Fuata kubwa. Nafasi iliyo chini ya mstari mwekundu jaza kifusi safi, usijaze majivu, hata kama meneja atasema unapoteza nafasi.

Kama hakuna nafasi ya kutosha juu ya mstari, una njia mbili za heshima: kuweka chini ya majivu utando kamili usiopitisha maji, kama wa dampo, au kutafuta mahali pengine. Huko Moncure, North Carolina, majivu yaliyohamishwa kutoka mabwawani yaliwekwa katika shimo la mgodi wa zamani wa udongo wa mfinyanzi, Brickhaven, likiwa limetandikwa utando kwanza. Ilikuwa ghali, lakini inawezekana.

Nchi kame husamehe zaidi, ila haisamehe yote. Hata jangwani kuna mafuriko ya saa moja yanayojaza korongo, na umwagiliaji wa kuotesha nyasi unaweza kupenyeza maji ambayo mvua isingeyaleta.

Hatua ya 5: Andaa sakafu

Ondoa makaa yaliyobaki sakafuni na kifusi chenye pairaiti nyingi. Ziba mahandaki na nyufa. Jaza kifusi safi kilichoshindiliwa hadi mita 2.4 juu ya mstari mwekundu. Ukitumia utando, kipimo cha dampo ni sentimita 60 za udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa hadi upitishaji wake wa maji usizidi sentimita 0.0000001 kwa sekunde, na juu yake utando wa plastiki wenye unene wa milimita 1.5 kama ni polithini nzito. Juu ya utando weka tabaka la changarawe na mabomba ya kukusanya maji yanayochuja. Mitaro ya kukinga maji ya mvua kutoka mlimani ichimbwe kabla ya lori la kwanza kufika.

Hatua ya 6: Safirisha bila vumbi, na walinde watu

Majivu laini yakiwa makavu huruka kama unga. Yachanganye na maji mtamboni, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito, mpaka yashikane mkononi bila kudondosha maji. Tipa zifunikwe turubai, magurudumu yaoshwe kabla ya kuingia barabara kuu, na boza la maji lipite njiani kutwa.

Tahadhari moja kwa majivu ya boila zinazotumia chokaa: yana chokaa hai. Yakiguswa na maji hupata joto kali na baadaye huvimba. Yaloweshe na uyaache yatulie kabla ya kuyafukia.

Kuhusu watu, sitaki kupita haraka. Waliosafisha Kingston walifanya kazi ndani ya vumbi kwa miaka. Wengi waliugua, na mwezi Novemba 2018 baraza la mahakama mjini Knoxville liliamua kwamba mkandarasi alishindwa kutimiza wajibu wake wa kuwalinda. Majivu yana silika (madini ya mchanga) na aseniki. Kila anayefanya kazi shimoni apewe barakoa ya kuchuja vumbi inayomkaa vizuri usoni, mahali pa kuoga na pa kubadilisha nguo, ili asipeleke vumbi kwa watoto nyumbani. Vifaa vya kupima vumbi vivaliwe na wafanyakazi wenyewe, na matokeo yabandikwe wanapoweza kuyasoma.

Hatua ya 7: Mwaga, tandaza, shindilia

Fanya kazi kwa eneo dogo kwa wakati mmoja. Tandaza kwa tingatinga katika matabaka yasiyozidi sentimita 60, na membamba zaidi kama rola yako ni nyepesi, kisha shindilia siku hiyo hiyo. Lengo la kawaida ni asilimia 95 ya msongamano wa juu wa kipimo cha kawaida cha Proctor, yaani jaribio la maabara la kushindilia, na upime kila tabaka. Majivu yenye kalsiamu nyingi huganda yenyewe kama saruji ndani ya saa chache. Hayo usiyamwage jioni ukategemea kuyashindilia asubuhi.

Mvua ikinyesha, acha kumwaga. Majivu yaliyolowa kupita kiasi hayashindiliki, na yakitikiswa huweza kugeuka uji. Acha uso wa tabaka na mteremko mdogo ili maji yatiririke nje, na mwisho wa siku funika sehemu ambayo hutaigusa kesho kwa udongo. Maji yoyote yaliyogusa majivu yaende kwenye bwawa lake, yasichanganywe na maji safi ya mitaroni.

Weka daftari: tarehe, lori, chanzo cha majivu, mahali yalipomwagwa kwenye gridi, na kipimo cha mshindilio. Baada ya miaka 20 kisima kikionyesha seleniamu, daftari hilo ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya 8: Funika na uoteshe

Juu ya majivu weka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha kifusi safi, kisha udongo wa juu uliokuwa umehifadhiwa tangu mgodi ulipofunguliwa. Kwangu jumla isiwe chini ya mita 1.2, na iwe zaidi kama utapanda miti. Mteremko utoe maji bila kumomonyoa.

Mimea huchota. Boroni nyingi huunguza ncha za majani. Molibdenamu hujikusanya kwenye malisho na kuwanyang'anya ng'ombe shaba mwilini; huhara na manyoya yao kupauka. Seleniamu nayo ni sumu kwa mifugo ikizidi. Pima majani kabla ya kuruhusu mifugo, na kwa bustani za chakula jibu langu ni hapana.

Hatua ya 9: Visima vya uangalizi

Kiwango cha chini cha dampo ni kisima kimoja upande maji yanakotoka na vitatu upande yanakoelekea. Mgodini ongeza, maana kifusi kina njia za maji zisizotabirika, na weka angalau kimoja ndani ya kifusi chenyewe. Chukua sampuli 8 za msingi kabla ya kuanza, halafu mbili kwa mwaka. Pima vitu saba vinavyotangulia kufika: boroni, kalsiamu, kloridi, floridi, pH, salfeti na jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Boroni na salfeti husafiri karibu sawa na maji, ilhali aseniki hushikwa njiani na chuma. Boroni ikipanda, usisubiri aseniki. Anza uchunguzi wa metali mwezi huo huo.

Sasa tazama saa. Sheria ya 1977 humshika mchimbaji miaka 5 baada ya kuotesha nyasi kwa mara ya mwisho, au miaka 10 kwenye maeneo yenye mvua isiyozidi milimita 660 kwa mwaka. Maji ya ardhini yakitembea mita 10 kwa mwaka, kisima cha kijiji kilicho mita 300 kitaguswa baada ya miaka 30. Dhamana itakuwa imerudishwa zamani. Dampo hutakiwa kuangaliwa miaka 30 baada ya kufungwa, nawe dai hiyo hiyo mgodini, na fedha zake ziwekwe kwenye mfuko ambao kampuni haiwezi kuugusa hata ikifilisika. Ukiwa mwanakijiji na unaruhusiwa kudai sharti moja tu kwenye kibali, dai hilo.

Hatua ya 10: Andika kabla mambo hayajaharibika

Mpango wa dharura uwe na namba, usiwe na maneno ya jumla. Taja kiwango cha boroni kitakachoamsha uchunguzi, na kiwango cha aseniki kitakachosimamisha kazi. Kikomo cha maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, nawe simama mapema kabla ya kukifikia. Taja nani ataleta maji kwa majirani ndani ya saa 24, kwa boza gani, na fedha kutoka wapi.

Mwisho, sajili mipaka ya majivu kwenye hati ya ardhi, pamoja na kina chake na mstari mwekundu wa maji. Nakala moja ikae ofisi ya ardhi, nyingine ofisi ya kijiji au kaunti, nyingine kwa mwenye shamba la jirani. Mtu atakayekuja kuchimba kisima hapo mwaka 2060 hatakujua wewe, na juu ya ardhi ataona nyasi tu.